Nani Alichagua Ule Mpilipili

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Kitengela. Upepo wa vumbi, na mawingu mengi yenye hayana kazi.

Haya, shajara yangu ya simu, nimerudi. Wale mmekuwa mkiuliza nimepotelea wapi wiki tatu hizi, nilikuwa najificha. Na mimi kazi nikiifanya naifanya vizuri, ndio maana hamkuniona.

Kwa wageni, wacha nijitambulishe kabla sijaanza kujivua nguo mbele yenu. Naitwa Mutinda. Shule niliiacha kidato cha pili, na sitaki maswali. Kazi yangu ni kutoa miti mibaya kwa watu wazuri. Mti ukiinamia nyumba yako, ukilalia ukuta wa jirani, ukianguka ndani ya shimo la choo, unaniita mimi. Kutoka hapa mpaka Isinya hakuna kijana anajua winchi ya pawa-so kunishinda. Uliza mtu yeyote.

Usiulize Nduku.

Hiyo winchi wengi hamjaiona, kwa hivyo nisikizeni, hii ni elimu ya bure. Pawa-so mnaijua, ile mashine ya kukata miti yenye huwaamsha Jumamosi mkitukana. Sasa toa ule upanga wake mrefu na cheni ya kukata. Bakisha injini. Hiyo injini unaifunga na nati mbili kwa chuma cha kubebwa mkononi, chenye pipa dogo la kuzungusha waya. Ukiongeza mafuta, ile nguvu ya kukata inakuwa nguvu ya kuvuta. Mti wenye umeinamia jikoni kwako unafungwa waya huko juu, unavutwa upande wa pili, unalala mahali nimesema ulale. Mara ya kwanza watu wakiona hiyo kitu wananyamaza. Mimi hupenda sana huo unyamavu.

Kazi ni ya watu wawili. Mmoja ako kwa winchi, mmoja ako kwa mti na pawa nyingine, anakata shina polepole huku waya ukivuta. Makelele ni mengi, hakuna kuitana. Ni mikono tu. Kidole kikizunguka, vuta. Kiganja kikisimama, acha. Na sheria ni moja, haina mjadala: mtu wa mti ndiye mwenye neno. Yeye akisema acha, wewe wa winchi unaacha, hata kama unaona mbingu.

Mtu wa mti alikuwa Nduku.

Nduku ni wa Makueni, babake alikuwa mpasuaji mbao, amekulia kwa maranda. Hapa kwa blogu nilishaandika kwamba mimi ndiye nilimfundisha kazi. Huo ni uongo mdogo, tuutoe njiani kwanza kwa sababu mkubwa unakuja. Nilimpata Isinya akiwa juu ya mti, amejifunga kamba kiunoni, anaimba nyimbo za kanisa. Mimi nilikuwa chini nakusanya matawi. Yeye ndiye alinionyesha venye waya unapangwa usijikunje, venye unaangalia mti mahali umebeba uzito. Na siku moja akanionyesha venye anacheka, basi nikaisha.

Miaka miwili. Agosti hii tulikuwa tunaenda kwao na mbuzi wa ntheo. Kwa wale si Wakamba, hao ni mbuzi wa kwanza, wa kusema kwamba huyu msichana ako na mwenyewe sasa, wengine watulie. Mbuzi wawili nilikuwa nimeshapata. Wa tatu nilikuwa namtafuta mwenye sura nzuri, kwa sababu hata mbuzi wangu lazima apendeze.

Sasa ndio tufike kwa Mwalimu.

Mwalimu Nekesa ni mama wa Bungoma, amestaafu, amejenga huku nyuma ya Kitengela kwa ule udongo mweusi wenye mvua ikinyesha unakula viatu. Alikuwa na mkaratusi, ule watu huita blugamu, mrefu wa kutisha, umeinamia jikoni. Jikoni yenyewe aliijenga mbali kidogo na nyumba, ya mabati, na hapo ndipo akina mama wa kanisa lake hupikia kila Alhamisi. Alituita akatuambia hataki kuamka siku moja akute sufuria zimekuwa sahani.

Tukafika Jumanne. Usiku wa kuamkia hiyo siku ilikuwa imenyesha.

Shida ilikuwa moja. Kwa geti kulikuwa na kisiki kikubwa cha kufungia winchi, kizuri kabisa, lakini upande haukuwa sawa. Waya ulihitaji kupita mahali fulani ugeuke ndio uvute mti mbali na jikoni. Mahali pa kugeuza unafunga puli, lile gurudumu la chuma, na hiyo puli lazima ishikiliwe na kitu chenye hakitasonga. Kulikuwa na mpilipili hapo, ile miti ya kivuli yenye majani yananing'inia kama nywele. Mnene kama pipa la maji.

Nduku akakanyaga chini yake. Kiatu kikaingia. Akaniambia huu udongo umelegea, mizizi ya huu mti iko juu juu, twende tuchimbe tuzike gogo. Kuzika gogo ni venye tunafanya mahali hakuna mti wa kuaminika. Unachimba mtaro mpaka kifuani, unalaza gogo ndani, unalifunga, unafukia. Halitoki. Lakini ni kazi ya nusu siku, na unatoka ukiwa mweusi kama sufuria ya Mwalimu.

Na mimi, marafiki, nilikuwa na watazamaji.

Vijana wa boda walikuwa wamesimama kwa ua, kama saba hivi, simu ziko juu. Mwalimu mwenyewe hakuwepo, tulikuwa tumemwomba akakae kwa jirani mpaka tumalize, kwa usalama. Kwa hivyo nilikuwa bosi wa hiyo ploti. Nikamwambia Nduku kwa sauti ya kusikika na hao vijana kwamba akitaka kuchimba mashimo aende akapande viazi. Wakacheka. Mmoja akasema fundi amesema. Nikasikia raha hapa kwa kifua.

Nduku hakucheka. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Una uhakika?"

"Funga hapo. Ni mimi fundi."

Akafunga. Na alifunga vizuri, hiyo nataka iandikwe. Mikanda miwili, fundo safi. Shida haikuwa fundo.

Mti ukaanza kuja. Nawaambia ulikuwa unakuja vizuri, kichwa kinatoka jikoni polepole kama mzee anaamka kwa kiti, na vijana wa boda wamenyamaza, ule unyamavu wangu ninaoupenda. Nikaona kiganja cha Nduku kimesimama. Acha.

Nilikiona.

Nimewahi kuambia watu sikukiona, moshi ulikuwa mwingi. Nilikiona kama naona hii simu. Nilijua ameona kitu kwa mpilipili, kwa sababu alikuwa anauangalia, na mimi nilikuwa nimeupa mgongo. Lakini nikajiambia, bado kidogo tu, mti umeshapita katikati, nikiacha sasa hawa vijana watasema Mutinda anaamrishwa na bibi yake.

Nikaongeza mafuta.

Mpilipili ukang'oka wote, mizizi na udongo, kama jino la mtoto. Waya ukalegea, halafu ukaruka. Mkaratusi ukarudi ulikotoka, ukakatika kwa shina, ukalala juu ya jikoni ya Mwalimu wote mzima. Nduku alikuwa ametupa pawa akakimbia. Mahali alikuwa amesimama, waya ulichapa nyasi ukaacha mstari. Nilienda nikauangalia baadaye. Futi moja kutoka kwa alama za viatu vyake.

Hakuna mtu aliumia. Watu huniambia hivyo kunituliza.

Mwalimu akaja mbio kutoka kwa jirani, kitenge kinafunguka. Akaangalia mabati. Akaangalia mpilipili umelala na mizizi juu, na puli bado imefungwa kwake. Hakupiga kelele, walimu wa zamani hawapigi kelele. Aliuliza swali moja.

"Nani alifunga kamba kwa huo mti?"

Na mimi nikasema, "Ni Nduku alifunga."

Hebu mlione hilo jibu. Si uongo. Yeye ndiye alifunga. Hata kortini ningeapa. Nimelibeba wiki tatu nikiligeuza hivi na hivi, natafuta mahali lina shimo, na halina. Ni maneno ya kweli yote, na ndiyo kitu kibaya kuliko vyote nimewahi kufungua mdomo nikasema.

Nduku aliniangalia. Si sana. Kama mtu anasoma bei. Halafu akamgeukia Mwalimu akasema, "Ni mimi, mama. Pole."

Siku hiyo na iliyofuata alikata ule mti vipande vipande, akatoa kila tawi kwa jikoni, akaokoa sufuria zenye zilikuwa bado sufuria. Hakunisemesha hata neno. Siku ya pili jioni akavua glavu zake, akaenda kwa shangazi yake, na kutoka hapo simu yangu akawa haishiki.

Sijamaliza kujivua. Usiku wa ile Jumanne niliandika hapa. Mnaikumbuka hiyo posti, mliipenda sana. Niliandika venye mafundi hodari huharibiwa jina na wasaidizi. Nikaweka vichekesho. Mkacheka. Mmoja wenu akaandika kwamba mwanamke arudi jikoni, mwingine akasema hakuna jikoni ya kurudi. Na mimi nikaweka alama ya kucheka chini ya hiyo.

Naye Mwalimu akawaambia akina mama wa kanisa. Si kwa ubaya, alikuwa anawaonya tu. Wale mama ndio wenye ploti, ndio wenye miti. Nduku alikuwa na kazi nne zimeahidiwa hapa Kitengela, zote zikaisha bila mtu kumpigia. Mimi zangu hazikuguswa. Moja ya zile nne nilipewa mimi, na nikaenda.

Ndio akahamia Kajiado.

Jana nikamfuata. Nilikuwa nimesikia kwa shangazi yake ako kwa shamba la mzee mmoja wa Kimaasai ng'ambo ya mji, wanatoa magogo yenye mafuriko yalijaza kwa bwawa la ng'ombe. Nikafikiri sana niende na nini. Maua hapendi, anasema ni matawi yenye yamekatwa vibaya. Nikaamua kumpelekea winchi. Tuliinunua pamoja, na nikajua huko hana. Nikaifunga kwa boda, mimi nyuma nimeikumbatia kama mtoto, chuma kinanichoma mapaja mpaka Kajiado. Njia yote nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na hotuba, jamani. Ilikuwa na mwanzo, katikati, na mahali pa yeye kulia.

Kwa geti kijana wa ng'ombe akanisalimia, "Sopa." Nikajibu, "Epa." Akaangalia mzigo wangu, akaniuliza kama mimi ndiye fundi wa jenereta. Nikapita bila kumsahihisha. Ndio mjue hali yangu.

Nikamwona kabla hajaniona. Alikuwa kwa ukingo wa bwawa, buti za mpira, kofia ile ya babake. Walikuwa wanavuta na winchi ya mkono, ya kusukuma mpini wa chuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, gogo linakuja kidole kwa kidole. Vijana wawili wenye shuka nyekundu ndio walikuwa wanasukuma. Na Nduku akisimamisha kiganja, wanaacha. Hapo hapo. Hawaangalii hata nani anawaona.

Niliwaonea wivu. Si wa mapenzi. Niliwaonea wivu kwa sababu kuacha ni kitu rahisi hivyo.

Akaniona. Akawaambia vijana wapumzike, akaja akiwa anapangusa mikono kwa suruali. Nikaanza hotuba yangu. Nikamwambia nilikosea. Nikamwambia ule mti niliuchagua mimi, kiganja nilikiona, silali, hata chakula hakina ladha. Nikamwambia winchi ni yake, yote, nusu yangu pia. Nilisema vizuri. Sauti ilikatika mahali pazuri, na haikuwa maigizo, au ilikuwa kidogo tu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Umemwambia Mwalimu?"

Nikamwambia bado, lakini nitamwambia.

"Mutinda. Umetoka Kitengela kuja kuniambia mimi kitu mimi najua."

Nikasema nilitaka kuanza na yeye.

"Mimi nilikuwa hapo," akasema. "Mwalimu ndiye hakuwa. Kwake ni dakika kumi kwa mguu. Umeruka hapo, umebeba chuma chote hiki mpaka huku, kwa sababu hiki ni chepesi."

Hotuba yangu haikuwa na ukurasa wa hapo. Mimi. Mnanijua mimi, jibu huwa ninalo kabla ya swali.

Nikamuuliza kama nikimwambia Mwalimu atarudi. Na hapo ndipo uso wake ulifungwa kabisa, polepole, kama duka. Akasema nirudi na winchi yangu, vijana wake wameshazoea ya mkono. Akaenda. Sikuona akigeuka. Nilingoja nione.

Leo nimeenda kanisani kwao Mwalimu. Sikuingia, nilikaa nje kwa kiti cha plastiki mpaka watoke. Wale mama wakatoka wote pamoja, na yeye katikati. Ningeweza kumwita kando. Nilitaka kumwita kando, miguu ilikuwa imeshaanza kwenda pembeni. Lakini yeye alikuwa ameambia watu wangapi juu ya Nduku? Basi nikasema hapo hapo.

Nilisema nani alichagua ule mpilipili. Nilisema Nduku alitaka tuzike gogo nikamchekelea. Nilisema alinipa ishara ya kuacha, nikaona, nikaongeza mafuta. Nilisema alifunga kwa sababu nilimwamrisha, na nilipoulizwa nikamtupa mbele ya Mwalimu. Haikuwa hotuba. Ilitoka vibaya, maneno yakagongana, nikasahau hata kusema pole.

Mama mmoja akasema, "Ati nini?" Ikabidi nirudie. Mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, msijaribu.

Mwalimu akafunga mkoba wake. Halafu akaniambia, "Twende nyumbani." Nikafikiri naenda kuchapwa, na ningeshukuru.

Kwake jikoni haijarudi. Sasa anapikia kwa baraza. Akaniketisha hapo, akatoa simu, akamtafuta Nduku kwa majina, polepole, kidole kimoja, na akaweka sauti ya nje venye wazee hufanya, simu ameishika mbele ya mdomo kama andazi.

Nduku akashika haraka. "Mwalimu, shikamoo." Sauti nzuri, ya kucheka. Sauti yenye nilikuwa nimeisahau.

Mwalimu akamwambia kila kitu kama mtu anasoma barua. Kijana amekuja, amesema mbele ya wamama wote, kumbe ilikuwa hivi na hivi. Akamwomba msamaha. Mama wa umri huo, anaomba msamaha kwa dhambi yangu. Akamwambia miti ya wale mama bado imesimama, arudi, kazi ni yake.

Nduku akamshukuru. Akasema kwa sasa ako Kajiado, kuna kazi mpaka mwezi wa nane, akipata nafasi atakuja kumsalimia na kuona kama jikoni imejengwa. Wakaongea mvua. Wakaongea mguu wa Mwalimu wenye unauma. Nilikaa hapo kwa kiti kama kikapu.

Mwisho Mwalimu akasema, "Huyu kijana ako hapa kando yangu. Nikupatie?"

Nilisikia ng'ombe upande wa pili, na upepo, na mtu akicheka kwa Kimaasai.

"Hapana, mama. Mwambie nimesikia."

Mwalimu akakata simu. Akanigeukia, akanirudishia neno kwa neno, kama sikuwa nimekaa hapo. "Anasema amesikia." Halafu akanimiminia chai, akaniwekea sukari nyingi bila kuniuliza, venye mtu hufanyia watoto na wagonjwa.

Nimerudi nyumbani nimefuta ile posti. Halafu nikaona kufuta ni kujificha tena, nikaandika hii. Wale mliandika yale ya jikoni, mko na jina lake hapo juu. Mnajua cha kufanya.

Sasa nimekaa kwa mlango na simu. Kuna swali moja linanisumbua tangu ile chai. Kama ningejua mapema kwamba Nduku harudi, kwamba nitapata tu hilo neno moja la "nimesikia" basi, je, ningeenda kusimama mbele ya wale mama?

Nimeandika ndiyo. Nimeifuta. Nimeiandika tena.

Nimeifuta.